Aliyeonja Kwanza

Mimi si mtu wa kubembeleza, na sikuwahi kuwa. Waliopita mikononi mwangu katika chumba cha darubini, kwenye hospitali ya misheni nje kidogo ya Njombe, watakwambia hivyo bila kuulizwa mara mbili. Walikuwa vijana waliotoka sekondari, wamesoma sayansi mpaka imewapanda kichwani. Kila asidi waliijua kwa herufi na tarakimu zake, ila hakuna aliyejua kwamba asidi hiyo inaweza kumla. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha jambo hilo kabla asidi yenyewe haijawafundisha.

Zilikuwa enzi za Mwingereza, miaka ya baada ya vita. Mwezi wa saba kule kwetu maji yaliyolala nje ndooni hushika ganda la barafu, na vijana wangu walikuwa wakifika asubuhi wamejitanda mablanketi, pua zinachuruzika, wanaikimbilia taa ya spiriti waote. Somo la kwanza lilikuwa hilo: vua blanketi, blanketi na moto wa spiriti havikai meza moja. La pili lilikuwa mdomo. Sikujua mpaka nilipoanza kufundisha ni mara ngapi binadamu anapeleka kitu mdomoni bila kufikiri. Walilamba lebo ili zishike kwenye chupa. Waling'ata vizibo. Walipuliza taa kama wanapuliza moto wa jikoni. Nilimkuta mmoja ameficha kiazi cha kuchoma kwenye droo ya vioo vya makohozi, anamega kidogo kidogo, na nilipomuuliza akaniambia kwa utulivu kwamba kiazi kimefungwa kwenye karatasi.

Nilikuwa mkali kwa sababu. Kazi hii nilijifunza jeshini, katika hospitali ya askari. Huko nilikuwa na rafiki tuliyelala naye chumba kimoja na kula sahani moja. Siku moja alivuta kwa mdomo mrija wa kioo wenye choo cha mgonjwa wa homa ya matumbo, kama tulivyokuwa tukifanya wote siku zile, na kikampita ulimi. Alitema, akacheka, akasukutua na maji, akaendelea na kazi. Tulimzika kabla mwezi haujaisha. Tangu siku hiyo sikutaka kusikia maneno ya bahati mbaya katika chumba kama kile.

Kwa hiyo Daktari wetu alipoweka sheria kwamba mtu yeyote atakayepeleka mdomoni kitu cha chumba cha darubini ataacha kazi siku hiyo hiyo, mimi niliipokea kwa mikono miwili. Daktari alikuwa Mzungu mrefu, mpole kwa wagonjwa, mwenye Kiswahili cha kusoma kitabuni. Wengine waliiona sheria yake ni ya kikatili. Mimi niliipenda, na naipenda mpaka leo. Niliwafanya vijana waiseme kila asubuhi kwa pamoja, wamesimama, kabla ya mtu kugusa chupa.

Kati ya hao vijana alikuwapo mmoja ambaye ndiye ninayetaka kusimulia habari zake. Kwao ni upande wa Ilembula, wakulima, Walutheri wa siku nyingi, na katika nyumba yao yeye ndiye wa kwanza kufika sekondari. Ukoo mzima ulikuwa unamtazama. Nafasi ile kwangu ilikuwa ndiyo mlango wake. Akiikosa, anarudi kwenye jembe, na nyuma yake kulikuwa na wadogo wanaosubiri asome ili naye awasomeshe. Alijua hivyo, nami nilijua.

Alikuwa na mkono mwepesi na jicho zuri. Vijidudu vya kifua kikuu, vile vijiti vyekundu vinavyojificha kwenye rangi ya buluu, yeye aliviona kabla wenzake hawajamaliza kufuta kioo cha darubini. Na alikuwa na adabu mpaka inakera. Mzee akiingia, yeye amesimama. Akipewa kitu, anapokea kwa mikono miwili na goti limekunjwa. Nilikuwa nikimtania kwamba yeye alizaliwa tayari akiwa mkwe wa watu, na wenzake wakacheka, naye anacheka pamoja nao huku anainamisha kichwa.

Sasa hapa inabidi nieleze jambo moja kwa msomaji asiye wa kwetu. Katika nyanda zile, ukienda kwa Wabena, kwa Wapangwa, kwa Wakinga, mtu akikupa kinywaji anaonja yeye kwanza, mbele ya macho yako. Iwe ulanzi wa mianzi, iwe togwa, iwe dawa ya mizizi. Anaonja, anafuta mdomo, ndipo anakukabidhi. Hafanyi hivyo kwa sababu kuna ugomvi. Ni heshima, kama kumkaribisha mtu kiti. Lakini mtu asipoonja, na wewe ukamwomba aonje, naye akakataa, hapo amekwambia kitu kizito sana. Watu wamehama vijiji kwa sababu ya kikombe ambacho hakikuonjwa.

Basi siku hiyo akaletwa bibi mmoja kutoka Mawengi, huko Ludewa, na mwanawe mkubwa. Safari ya kutoka kule wakati ule haikuwa mchezo. Walitembea milima, wakalala njiani kwa watu, wakapata lori la mizigo sehemu iliyobaki. Bibi alikuwa anakohoa, amekonda, mabega yamesimama. Daktari akaandika makohozi yake yapimwe. Mwanawe akamkalisha kwenye benchi la mlangoni kwangu, kisha akaenda kutafuta mahali pa kuweka mizigo yao.

Desturi ya hospitali wakati ule ilikuwa kumpa mgonjwa wa kifua kikombe cha bati chenye maji kidogo ya asidi ya karboliki chini, atemee humo, ili vijidudu vife hapo hapo. Dawa ile ukiitia maji hugeuka nyeupe, nyeupe hasa, rangi ya togwa. Na ilikuwa inanuka. Ungedhani harufu peke yake ingemzuia mtu, lakini wagonjwa wetu waliamini kwamba dawa isiyonuka haina nguvu, na kadiri ilivyonuka ndivyo walivyoifurahia.

Mimi nilikuwa kwenye darubini, mgongo wangu umeelekea mlangoni. Nilimsikia kijana akimwamkia bibi, akimpa pole ya safari, akimwambia ateme kwenye kikombe. Bibi hakujua Kiswahili, ila maneno ya soko. Kijana akajaribu kwa Kibena, kwa vile Kibena na Kipangwa cha bibi vinasikilizana kidogo, na akaonyesha kwa vidole, kutoka kifuani kwenda mdomoni kwenda kikombeni. Nikamsikia bibi akisema kitu, pole pole, akakirudia. Sikugeuka. Baadaye ndipo nilipojua alichosema. Alisema: onja kwanza, mwanangu.

Kijana alidhani bibi anaogopa kikombe chenyewe, kwamba labda kina ubaya fulani, na anataka kuthibitishiwa kabla hajatemea. Hivyo ndivyo alivyoniambia, na ninamwamini. Bibi naye alikuwa ameona kikombe chenye kitu cheupe, anakabidhiwa kwa mikono miwili na goti limekunjwa, kidole kimeonyeshwa mdomoni. Kwa bibi yule hilo lilikuwa na maana moja tu. Kijana akakiinua kikombe, akakigusisha midomoni, akakishusha. Bibi akashukuru kwa kupiga makofi taratibu, akakipokea, akakinywa kwa mkupuo mmoja kama wazee wanavyokunywa dawa chungu.

Nilisikia kikombe kikianguka kwenye sakafu, halafu sauti ambayo sitaki kuieleza.

Tulimbeba mbio hadi wodini. Daktari akaja, akampa maziwa na ute wa mayai mabichi, akampa tena, na bibi akatapika vingine na kubaki na vingine. Koo lilikuwa limeungua, na kinywa ndani kilikuwa cheupe kama kimepakwa chokaa. Lakini alikuwa hai, na Daktari akasema kwamba akiweza kunywa, kidogo kidogo, kila siku, atapona. Asipokunywa atakufa, na si kwa sumu, kwa kiu.

Mwanawe alifika wakati huo, amekwisha kusikia uwanjani kwamba mama yake amenyweshwa sumu na dresa, msaidizi wa hospitali. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi, mikono ya mkulima. Alisimama miguuni pa kitanda akamtazama mama yake kwa muda. Hakupiga kelele. Kisha akaniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu na ndiye mwenye umri, swali moja tu.

"Alionja?"

Kijana alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamshika bega nikamsogeza mbele. Mdomo wake wa chini ulikuwa umebabuka, ngozi imejikunja, na rangi inaanza kugeuka kahawia. Mwana wa bibi akasogea, akauangalia mdomo ule kwa makini, akanyoosha kidole karibu yake bila kuugusa. Kisha akakaa chini sakafuni, pale pale, akashusha pumzi.

"Basi si yeye," akasema. "Pole, mwanangu. Na wewe umeungua."

Daktari alikuwa upande wa pili wa kitanda. Naye alikuwa anauangalia mdomo ule ule. Akamwita kijana karibu na dirisha penye mwanga, akamshika kidevu, akaugeuza uso wake.

"Hii ni karboliki," akasema. "Wewe uliweka kikombe mdomoni."

"Ndiyo, Daktari."

"Sheria unaijua?"

"Naijua, Daktari. Leo asubuhi tuliisema."

Daktari akanitazama. Sikumtetea. Ningesema nini, kwamba sheria haisemi vikombe? Sheria ilisema kila kitu. Kama kijana yule angefunga mdomo wake, bibi asingekunywa. Jambo lilikuwa wazi kabisa, na nilikuwa na hasira naye, na wakati huo huo nilitaka kumpaka mafuta kwenye kidonda kile. Vyote viwili vilikuwa ndani yangu kwa pamoja na sikujua niviweke wapi.

Asubuhi iliyofuata kijana akapanda lori linalokwenda Makambako. Wenzake walimsindikiza mpaka getini. Mimi sikwenda.

Mchana wa siku hiyo muuguzi akanifuata, uso umemshuka. Bibi hanywi. Amepelekewa maziwa, amegeuza kichwa. Amepelekewa uji mwepesi, amefunga mdomo. Mwanawe amembembeleza, amelia, amempa yeye mwenyewe, hataki. Anasema kwa sauti ile iliyobaki, ambayo ni pumzi tu, kwamba kila kinachotoka jikoni kwa watu hawa kimepita mikononi mwa watu hawa, na mwanawe hajui kimetiwa nini. Daktari alijaribu kumpa maji kwa sindano, bibi akaing'oa. Mpira wa kupitisha puani Daktari aliuogopa, kwa kuwa koo lilikuwa bichi na lingeweza kuchanika.

"Anamtaka yule aliyeonja," muuguzi akasema.

"Waonje wengine," nikamjibu. "Onja wewe."

"Nimeonja, Mwalimu. Ameniangalia tu. Anasema mimi naonja kwa kuwa nimeagizwa."

Nikaenda kwa Daktari. Nilimwambia maneno mafupi: bibi huyu atakufa kwa kiu ndani ya nyumba yenye maziwa, na mtu anayeweza kumnywesha huenda bado yuko Makambako amekaa juu ya sanduku lake. Daktari akakuna kichwa. Alikuwa mtu mzuri, sitaki nieleweke vibaya. Akanipa lori la hospitali na dereva.

Makambako ya wakati ule haikuwa mji. Yalikuwa maduka machache ya Wahindi kwenye njia panda, vumbi, upepo usiochoka, na watu wanaosubiri magari ya Iringa au ya Mbeya bila kujua yatakuja lini. Nilidhani amekwisha kupata gari la kwenda upande wa kwao. Nilimkuta amekaa kwenye ukuta wa duka, na sanduku lake la bati, kofia imevutwa mbele kuficha mdomo. Gari la kwao lilikuwa limepita. Hakulipanda.

"Nitawaambia nini?" akaniambia, kabla hata sijamuuliza. "Niwaambie nimefukuzwa kwa sababu nimeonja? Hawataelewa, Mwalimu. Watadhani nimeiba, nawaficha."

Nilimwambia anyanyue sanduku. Nilimweleza njiani, na alipokwisha kusikia kwamba bibi hanywi, hakuuliza tena habari za kazi yake. Aliuliza tu kama maziwa ni ya moto au ya baridi.

Nataka nieleze jinsi alivyofanya, kwa sababu nilikuwapo. Aliingia wodini akaenda kwanza kuchuchumaa mbele ya kitanda, akamwamkia, "Kamwene, bibi," akasubiri. Bibi akafumbua macho. Kijana akamwomba radhi kwa lugha yao, maneno machache. Ndipo akapokea kikombe cha maziwa kutoka kwa muuguzi, akakiinua, akanywa. Safari hii hakugusisha tu. Alimeza, na nikaona machozi yanamtoka kwa jinsi maziwa yalivyochoma kile kidonda. Akafuta mdomo kwa upande wa mkono, akakabidhi kikombe. Bibi akamwangalia muda mrefu. Akanywa kidogo, akakunja uso kwa maumivu, akanywa tena.

Mwanawe aligeukia ukutani.

Ikawa hivyo ndiyo kazi yake. Asubuhi, mchana na jioni anaonja, bibi anakunywa. Mimi nilisimamia kikombe. Kwa maana makohozi ya bibi nilikwisha kuyapima mwenyewe, na vijiti vyekundu vilikuwamo tele, kwa hiyo nilimwambia kijana bila kupaka sukari: unaonja kabla yake, sio baada yake, na kikombe kinachemshwa na mimi mwenyewe, na bibi akikuachia mabaki kwa upendo, mwaga. Alitii. Muuguzi mmoja akanicheka kwamba nimekuwa mpishi. Nilimwambia aende zake.

Maziwa yakawa uji, uji ukawa ugali laini na mboga zilizopondwa. Sauti ya bibi haikurudi kamili. Lakini alipata nguvu, akaanza kutembea uani akijishikilia kwa kijana, na wagonjwa wengine wakawa wanamwita kijana mjukuu wa bibi. Daktari akaanza kumtibu kifua chake. Wakati huo mimi nilibadilisha mambo katika chumba changu. Tangu siku hiyo mgonjwa alipewa kopo kavu, tupu, lenye kifuniko, na aliwekewa benchini, hakukabidhiwa mkononi. Karboliki tuliitia sisi, ndani, mlango umefungwa. Nililifanya jambo hilo bila kumwomba mtu ruhusa.

Siku ambayo bibi aliambiwa anaweza kukaa na mwanawe katika kibanda cha nje na kula kwa mkono wake, Daktari alikuja kwangu, na akamwita kijana. Tulikuwa watatu tu. Kijana alikuwa amevaa aproni, kwa kuwa asubuhi ile nilimpa kazi ya kuosha vioo, na mimi nilikuwa na hakika, kwa moyo wangu wote, kwamba anarudi. Nilikwisha kumwekea kiti chake.

"Umemwokoa bibi," Daktari akasema. "Mimi ninataka kukurudisha. Lakini niambie neno moja kwanza. Mzee mwingine akija hapa, akikwambia onja, utafanya nini?"

Nikaingilia kati. Nilimweleza Daktari habari za makopo makavu, kwamba hakuna tena mgonjwa atakayepewa kikombe chenye kitu, kwa hiyo swali hilo halina kazi. Nilisema haraka haraka, na sikupenda sauti yangu.

"Nimeyaona makopo," Daktari akasema. "Ni kazi nzuri. Sasa ninamuuliza yeye."

Jibu lilikuwa jepesi. Sitaonja. Neno moja, na mtoto huyu amerudi mezani kwake, na wadogo zake wanakwenda shule. Nilimkazia macho nikimwomba aliseme. Kama lilikuwa uongo, nilikuwa tayari kuubeba pamoja naye.

Kijana alikuwa anatazama mikono yake. Kovu la mdomoni lilikuwa limebaki, jembamba, la rangi ya waridi.

"Akiniambia anaogopa," akasema, "nitaonja."

"Hata kama unajua ni sumu?" Daktari akauliza.

"Nikijua ni sumu, sitampa, Daktari."

"Na kama hujui?" Swali hilo nililiuliza mimi. Lilitoka lenyewe. "Humu ndani ni mara ngapi mtu anajua? Chupa imebadilishwa lebo, mwenzako amechanganya vibaya, kopo halikuchemshwa. Kama hujui?"

Akaniinulia macho. Hakuwa na kiburi hata chembe. Alikuwa kama mtu anayejaribu kunieleza njia ya kwenda kwao.

"Kama sijui, Mwalimu, ndiyo zaidi. Nitampaje mtu kitu ambacho mimi mwenyewe nakiogopa?"

Daktari akanigeukia. Alinitazama mimi, na nikaelewa kwamba ananiachia, na kwamba kama ningesema kijana abaki, angebaki. Nilifikiri juu ya rafiki yangu wa jeshini, alivyocheka na kusukutua mdomo. Nilifikiri juu ya yule mzee mwingine, ambaye bado hajaja lakini atakuja, na juu ya wale vijana watano sita wanaomtazama huyu kuliko wanavyonitazama mimi. Wangeonja wote. Wangeonja kwa sababu yeye anaonja, na mmoja wao ningemzika.

"Basi huwezi kufanya kazi kwangu," nikamwambia.

"Ndiyo, Mwalimu."

Akavua aproni, akaikunja. Akaenda kwenye beseni akanawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni, kucha moja moja, kama nilivyowafundisha wafanye kila watokapo chumba kile, hata kama wanatoka kwa dakika moja tu. Akajifuta. Akaniaga kwa goti lililokunjwa, akafungua mlango kwa kiwiko, akaenda kumuaga bibi.

Nilikuwa sahihi. Nimelipima jambo lile kwa kila mizani niliyonayo, miaka mingi, na kila mara ninakuta nilikuwa sahihi, na halijawahi kunifariji. Daktari alipotoka nilijifungia ndani nikalia, mtu mzima na mvi zangu, kwa maana nilijua kwamba siku nitakayolala mimi kwenye kitanda cha hospitali ile na kuogopa, nitakuwa nimekwisha kumfukuza mtu pekee ambaye ningepokea kikombe kutoka mkononi mwake.